Servisi ya Nsimire

Harufu ya udongo mwekundu uliomwagiwa maji bado hunirudisha kwenye kiwanja cha tenisi cha Kamembe, nyuma ya hoteli ndogo ambako Papa alikuwa mtunzaji. Kila asubuhi alikifagia, akakinyunyizia maji, akachora mistari kwa chokaa huku akipiga mluzi. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, ng'ambo tu ya mto, lakini shuleni Kinyarwanda changu kilichekwa kila nilipofungua kinywa, basi nikaamua kukifunga. Papa alinipa raketi kuukuu akanifundisha. Wageni wasipokuwepo, nilicheza na ukuta. Ukuta haukuchoka wala haukunicheka, ila haukuwahi kuniuliza nimeshindaje.

Ndipo akaja Nsimire, msichana wa kisiwani Nkombo aliyeletwa kukaa kwa shangazi yake, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Lafudhi yake nayo ilichekwa, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, sote wawili tukipumua. Siku hiyohiyo nilimtia raketi ya pili mkononi, hata sikumuuliza kama anaitaka.

Kumfundisha kulikuwa vituko. Papa aliliita pigo la kuanzia “servisi”, na neno hilo Nsimire alilijua kutoka harusini, pale wasichana wanapowagawia wageni soda, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia kwa adabu. Basi alirusha mpira juu kwa mkono wa kushoto, kisha mkono huohuo ukakimbilia kiwiko, na mpira ukamwangukia kichwani. Nilicheka hadi nikakaa chini. Alipoweza kuupiga, akaja na kosa jingine: kila mpira aliuleta pale pale niliposimama. Mimi namkimbiza kona hadi kona, yeye ananiletea mkononi. Nilimwambia kwa mtindo huo hatashinda kamwe, apige mahali ambapo sipo. Alinitazama akiwa haelewi kabisa.

“Nikupigie fasi hauko, juu ya nini?” aliuliza. “Si we njo rafiki yangu?”

“Njo muchezo, Nsimire. Piga fasi siko.”

Ilimchukua likizo nzima. Mwanzoni kila alipopata pointi aliniomba msamaha, baadaye akaacha, na mkono wa kushoto ukasahau kiwiko. Nilipokimbilia mipira yake nikaikosa, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwenye kiwanja chochote.

Muhula uliofuata alifika mwalimu wa michezo kutoka Kigali, akitafuta msichana mmoja wa kumpeleka shule ya bweni yenye timu ya tenisi. Papa alitusimamisha sisi wawili tushindane. Niliitaka nafasi ile, lakini zaidi nilitaka tubaki sote. Tulipofika sare, mipira ya Nsimire ikaanza kuja mkononi tena, laini, mmoja baada ya mwingine. Nilielewa kwamba ananiachia. Ningenyamaza tu. Badala yake nilisogea hadi kwenye wavu, nimevimba kwa hasira, nikamwambia, “Usinihurumie. Piga fasi siko.” Akapiga mara mbili, na mipira yote miwili sikuigusa. Wiki iliyofuata aliondoka. Watu husema nilifanya jambo la kiungwana. Mimi nimelijutia zaidi ya nilivyowahi kujivunia.

Sasa nafanya kazi ofisini, karibu na daraja la Rusizi ya Pili, na Kinyarwanda changu hakimchekeshi mtu. Jumamosi hucheza na ukuta uleule, uliopakwa rangi mpya. Mwaka jana Nsimire alikuja kumwona shangazi yake, akaniomba tucheze kidogo. Yeye sasa hufundisha tenisi Kigali. Asubuhi hiyo nilikimwagia kiwanja maji mwenyewe. Alirusha mpira, akaupiga taratibu, kisha mkono wake wa kushoto ukaenda kushika kiwiko. Nilidhani ni utani wetu wa zamani, nikacheka. Hakucheka, nadhani hakujua hata amefanya nini. Mpira ulikuja hadi mkononi mwangu, na uliofuata, na uliofuata huo.

“Hauyachoka, Maman?” aliuliza kwa upole.

Tumezaliwa mwaka mmoja, na zamani aliniita kwa jina. Nilitamani apige fasi siko, hata mara moja tu, nikimbie niukose. Lakini maneno hayo niliyamudu nilipokuwa na rafiki. Nilimjibu kwamba bado sijachoka, nikairudisha mipira yake yote, na mwishoni nikamshukuru.