Kiganja Kwenye Kioo

Mume wangu alikuwa fundi wa vioo hapa Mtwara, na mimi mkewe miaka yote nilijitazama kwa kijioo cha mkononi: nikiona uso sioni shingo. Nyumba za watu Magomeni zimejaa makabati aliyoyafunga yeye, yale ya milango ya slaidi inayoteleza kwenye reli, yenye vioo vya kukuonyesha mpaka kisigino. Langu lilikuwa mbao tupu. Nilimsema mpaka majirani wakachoka. Yeye anacheka tu, "Mganga hajigangi, mke wangu." Nami namjibu, basi nitatafuta mganga mwingine.

Siku kioo kilipokuja sikuwa na habari. Tulikuwa uani tunabangua korosho za kuchoma alizotuletea mama yake kutoka Ziwani, mikono myeusi, bajaji ikasimama mlangoni. Akanyanyuka bila kunawa, akakibeba kioo mwenyewe hadi chumbani, akakiegemeza ukutani. Kiganja chake kikabaki pale katikati, cheusi, na vidole vyote. Kiliniudhi kwelikweli.

"Hata hakijafungwa, umeshakichafua," nikamwambia.

"Si ulikitaka? Futa mwenyewe."

Sikufuta. Niliapa atafuta yeye.

Kesho yake alianguka kazini. Walimrudisha nyumbani amefunikwa shuka.

Nikakaa eda. Kwetu mjane aliye edani hajitazami kwenye kioo, kwa hiyo wifi yangu, dada wa marehemu, aliyehamia kwangu kunitunza, alikigeuza kile kioo kikaelekea ukuta. Wala hakuliona doa. Mimi nilijua lipo. Mashati ya mume wangu yakagawiwa, viatu vikachukuliwa na mjomba wake, sikulalamika. Nikilala nageukia upande ule wa kioo. Mkono wake ulikuwa mle chumbani, na nilikuwa nasubiri eda iishe niutazame.

Asubuhi moja akaja mwenzake wa karakana, Mkristo wa Newala, mtu wa roho nzuri kabisa. Akasema marehemu aliacha kazi moja hajaimaliza, ya mkewe, na yeye hawezi kuiacha hivyo. Wifi akafurahi, kikishafungwa atakifunika kanga. Akanihamishia chumba cha pili ili nisionane na mwanamume, pazia likawa katikati yetu.

Nikasikia milango ikiteleza kwenye reli, na gundi ya silikoni ikikamuliwa. Ndizo sauti za mume wangu zile. Kidogo nimwite. Kisha nikasikia gazeti likichanwa. Kazi ile naijua: kioo kikishafungwa, hufutwa kwa spiriti na gazeti.

"Shemeji," nikaita, "usijisumbue kufuta. Kiache hivyo hivyo."

"Aa, si usumbufu, shemeji."

"Nakuomba, kiache. Umeshachoka."

"Hata kidogo. Marehemu angenicheka nikikiacha na madoa."

Ndivyo tulivyo sisi: ukimwambia mtu asijisumbue, ndiyo kwanza anazidi. Wifi akanibonyeza goti, nimwache mwenzetu afanye wema wake. Na mimi, ninayesifika mtaa mzima kwa mdomo, nikashindwa kusema kwamba lile doa ni mkono wa mume wangu. Nililia kimyakimya, gazeti nalo linalia kwenye kioo, taratibu, bila haraka, kama afanyavyo mtu anayekupenda. Alipomaliza nikamwambia ahsante.

Eda ilipoisha niliogeshwa, nikavalishwa nguo mpya. Wifi akanisimamisha mbele ya kabati, akaivuta ile kanga. "Haya, tazama alivyokutakia kaka yangu," akasema.

Nikatazama pale katikati kwanza. Palikuwa safi kabisa. Nikajiona mzima, kuanzia utosini mpaka kisiginoni, kama nilivyodai miaka yote, na nyuma yangu kitanda hakina mtu.