Nilimshauri Aache Karakana, Sasa Anasuka Nywele

Admin, nifichie jina, maana Watanzania na Wakongo wa Durban tumejaa humu na watanijua haraka. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, Mtanzania, injinia wa umeme. Jumamosi nafundisha bure vijana wa vyuo vya ufundi wanaotaka kuhamia uinjinia chuo kikuu. Watu wananisifu, na hizo sifa zilinipanda kichwani.

Kuna binti wa Kikongo, nimwite Neema. Hesabu anazila. Alimaliza masomo ya darasani, akapata nafasi ya mazoezi kwenye karakana ya kreni bandarini. Akaniuliza, "Mwalimu, nikiacha hii, chuo kikuu watanipokea kweli? Umewauliza?"

Nikamjibu, "Nimeuliza. Acha, usipoteze muda."

Sikuuliza mtu. Mimi nilihamia hivyo zamani, nikadhani mambo ni yale yale. Neema akaacha karakana.

Chuo kikuu wakamkataa. Nilipofuatilia ndipo nikaambiwa kwamba bila yale mazoezi ya kazini hapewi diploma, na bila diploma hahamii. Alama zake zilikuwa safi kabisa. Eish, kilichomkwamisha ni ushauri wangu.

Ubaya wangu mkubwa ni huu. Neema alikuja analia, anasema labda yeye hesabu hazimo. Nikamwambia tu, "Ushindani ni mkubwa, dada." Ameamini hana akili. Vitabu amegawa, anasuka nywele saluni kwa shangazi yake. Baba yake bado ananisimamisha kanisani, anasema, "Huyu mwalimu iko anapenda batoto yetu." Watu wanapiga makofi, mimi natazama viatu.

Juzi nilimpigia msimamizi wa karakana. Anaweza kumrudisha, ila aende kabla ya Ijumaa, na aliyemshauri aondoke aende naye akaeleze. Mke wangu hataki. Anasema nikijianika, hakuna mzazi atakayeniletea mtoto tena, na hao wengine nani atawasaidia? Nami nampigia Neema, naishia kumuuliza hali ya mama yake.

Jana ameniandikia, "Mwalimu, asante kwa kunivumilia. Mwingine asingepoteza Jumamosi zake na mtu mzito wa kuelewa kama mimi."

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila nielekezeni: huyu binti namwambiaje?