Kitambaa cha Nanasi cha Mama

"Mwanaume na kroshia? Huyu ataishia kufuma vifuniko vya birika," shangazi aliwaambia wanawake wa jumuiya niliporudi Uru kutoka Dar. Wakacheka mbele yangu. Walisema vya makochi labda nitaviweza, lakini kitambaa cha nanasi, ambacho mafundo yake hutanuka kama tunda kisha yakachongoka, sitakiweza mpaka naingia kaburini.

Hawakujua kwamba nina stashahada ya ufumaji, niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza kofia. Nilikodi chumba Majengo, kule mjini, na mwaka haukuisha kabla wenye hoteli hawajaanza kunitafuta. Nilifuma misuko inayopishana kama nywele za bibi harusi, na maua yanayosimama juu ya kitambaa. Mji mzima hakuna aliyeniweza.

Mama alikuwa na kitambaa chake cha nanasi, alichokianza kabla vidole havijakakamaa. Alitaka kifunike jeneza lake.

"Kimalizie nikione, mwanangu," akaniambia kutoka kitandani alikolala mgonjwa.

Ilibaki mizunguko kumi. Kwangu ni kazi ya wiki moja. Lakini kwenye mzunguko wa ishirini, katika ile aliyokwisha kufuma mama, niliona kitanzi kimerukwa.

"Kiache," mama akasema. "Siku ile nilikuwa nafuma huku namsikiliza baba yako anavyohema."

Nikamwambia kazi inayopita mikononi mwangu haitoki na kosa. Nikafumua yote mpaka pale, anaona. Uzi ule wa zamani ukawa unakatika kila nikiuvuta. Mama akageukia ukutani.

Alifariki siku ya sita tangu nianze kufumua. Kitambaa kilikuwa kidogo kuliko aliponikabidhi.

Msibani, wanawake walewale walionicheka walitoa uzi kwenye vikapu vyao. Shangazi alitangulia. "Chukua. Ila uzi wa kuazima hulipwa kwa uzi. Hela zako za mahoteli kaa nazo."

Nilifuma siku mbili, usiku na mchana, watu wakipita na ndizi na maziwa. Nilimaliza asubuhi ya maziko, na hakuna nanasi hata moja lililopinda. Lakini weupe haukulingana: uzi wa kila mwanamke ulikuwa na weupe wake, na juani ilionekana wazi. Tulimzika nacho chini ya migomba.

Baada ya mavuno ya kahawa nilipanda Uru na kapu la uzi, nikapita nyumba kwa nyumba nikirudisha. Ya mwisho ilikuwa ya shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wenzangu umewarudishia?"

"Wote. Na hili donge ni lako."

Akalipima kiganjani, akalibonyeza. "Ni sawa. Na ule wa mama yako uliofumua?"

"Uko Majengo, kwenye droo. Vipande vipande."

Alinitazama kidogo. "Basi sisi hatukudai tena. Amebaki mama yako," akasema, akaingia ndani kuhifadhi uzi wake.