Mama wa Maziwa na Usukani Uliotetemeka

Habari ilinifikia Ijumaa nikiwa kwenye foleni ya benki: yule mama wa maziwa wa mtaa wa Iftin, Garissa, amefariki. Inna lillahi. Aliyenipigia simu ni mjukuu wake, binti mwenye sauti ile ile ya kukata maneno. Kabla sijampa pole akanikataza kulia, kwamba ayeeyo, bibi yake, hakupenda machozi ya simu. Basi sikulia. Nimekaa naandika.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba miaka ya tisini nilifundisha Garissa. Mama huyu alikuwa akileta maziwa ya ngamia kutoka Balambala kwa gari lake kuukuu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na sisi walimu tulikuwa tukiomba lifti. Mkali, Mungu amrehemu! Dereva wake, mtoto wa kaka yake, mtu mzima mwenye ndevu, alimwita eddo, yaani shangazi, na alimwogopa kuliko askari wa kizuizi cha barabarani. Amri yake kubwa ilikuwa hakuna kuosha gari kwa maji. Iftin maji yalikuja kwa mikokoteni ya punda, na kumwagia bati maji ambayo mbuzi angekunywa kwake ilikuwa dhambi. Kwa hiyo dereva alilifuta gari kwa kitambaa kila asubuhi, likang'aa.

Asubuhi moja, siku chache baada ya mvua, tulifika Balambala usukani ukitetemeka vibaya. Ukienda polepole, kimya. Ukikaza mwendo, mikono inacheza hadi meno yanagongana. Kufika, tukamkuta binti wa mama ana uchungu tangu jana yake, mtoto hatoki. "Huyu afike hospitali Garissa kabla ya alasiri," mkunga alisema, "la sivyo tutazika." Dereva akashauri twende polepole, usukani usije ukachomoka njiani. Lakini polepole maana yake ni kufika magharibi. Mama akavua viatu. "Kwanza tujue hii gari inaumwa wapi," akasema, "halafu tunakimbia."

Akaniweka kwenye usukani niuzungushe kushoto na kulia, naye akalala mchangani chini ya gari, buibui na yote, akishika kila kiungo kwa vidole aone kama kinacheza. Hakuna kilichocheza. Nati za magurudumu zilikuwa zimekazwa. Dereva akapiga jeki, wakasukasuka gurudumu juu na chini, beringi nzima. Ndani ya nyumba binti alikuwa akilia, "Hooyo! Hooyo!", akimwita mama yake, nami nikashindwa kuvumilia, nikasema tuondoke hivyo hivyo. "Mwalimu, nyamaza," akanijibu. "Weka spea huku mbele." Tukaiweka, dereva akalikimbiza gari na kurudi. Mtetemo umepungua! Kumbe ugonjwa uko kwenye magurudumu yenyewe. Mama akalipindua lile tulilolitoa, na wote tukaona: ndani ya rimu tope la mvua limegandia upande mmoja, gumu kama tofali, na uzito huo ndio uliolitikisa gurudumu kila lilipozunguka kwa kasi. Kitambaa cha dereva hakikufika huko, na maji yalipigwa marufuku.

"Wallahi, ni mimi," akasema. "Mimi na maji yangu." Akashika panga akakwangua, dereva akaparamia gurudumu la pili kwa bisibisi. Kisha mama akachukua dumu la maji ya kunywa, akalimwaga lote kwenye rimu mpaka chuma kikaonekana.

Tulikimbia Garissa na usukani umetulia. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mzima, na mama yake mzima.

Siku hizi kila kitu chetu kikitikisika, iwe shule au kaunti, nasikia wengine wakisema twende hivyo hivyo, wengine twende polepole. Mimi nasema tusimame tushike kiungo kimoja kimoja, hasa tukiwa na haraka. Na tukikuta tope limeletwa na amri yetu wenyewe, tuivunje amri hapo hapo. Nimechoka na wakubwa wanaotetea tope.

Binti aliyenipigia simu ndiye yule mtoto aliyekuwa tumboni siku ile. Nilimuuliza walimpelekaje bibi yake makaburini.

"Kwa gari yake," akasema. "Lakini kwanza tuliiosha na maji, mpaka ndani ya rimu."