Chaneli Moja na Mutua

Mwanangu, siku ya harusi ya dada yangu Mwende haijanitoka akilini, na kila nikiikumbuka wivu huamka upya. Wewe unayesambaza Wi-Fi pale Malili, unayetaka kuongeza nguvu ya mitambo kwa sababu mawimbi ya jirani yanayafunika yako, hebu kaa kidogo unisikilize.

Nilikuwa msichana wa mitambo ya sauti kanisani kwetu, Matiliku. Mitambo ya kanisa la ng'ambo ya barabara ilishikwa na Mutua. Tulifunzwa na fundi mmoja, na maikrofoni zetu zisizo na waya tukazitega kwenye chaneli ileile aliyotuonyesha. Ya Mutua ilisikika safi hadi sokoni. Yangu ilikoroma. Watu walimsifu mbele yangu, nami niliumia hadi chakula kikanishinda. Nikatafuta maikrofoni yenye nguvu zaidi, naye akaleta ya kuishinda hiyo. Kuhama chaneli? Ahame yeye!

Siku ya harusi kanisa lilijaa pomoni. Susu, nyanya yetu aliyetulea, alikaa nje hemani karibu na spika. Macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, na alikuwa ametoka Kilungu ili tu asikie Mwende akikubali. Kule kwa kina Mutua nako kulikuwa na mkutano wa injili. Pasta akamuuliza Mwende swali lenyewe, na spika yetu ikanguruma kwa sauti ya mhubiri wao: "Tubu, wewe mlevi!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana harusi akainamisha kichwa. Mwende alinitazama, machozi yakimlengalenga, nami nikakimbilia spika nje.

"Mbona nasikia mwanaume?" Susu akauliza. "Mwende amejibu nini?"

"Ni Mutua, Susu. Ananiharibia."

"Na wewe humharibii? Si uhame hapo mnapopigania?"

"Nihame mimi? Kwa nini asihame yeye?"

"Mimi sioni, mama. Nataka tu kusikia huyu mtoto. Hama."

Nilihama, roho ikiniuma kama mtu anayefukuzwa kwao. Nikabadilisha chaneli kwenye maikrofoni yangu na kwenye mashine inayopokea sauti yake, nikapunguza na nguvu, kisha nikamwomba pasta arudie swali. "Nakubali," Mwende akasema, na neno likatoka zima. Susu akapiga vigelegele hadi akakohoa. Ng'ambo nako mhubiri akasikika vizuri kuliko siku zote.

Jioni watu walirudi nyumbani wakisema, "Huyo Mutua ni fundi kweli. Ametengeneza hata spika za jirani!"

Mwanangu, niliendelea kukunja nyaya za spika. Hadi leo namwonea wivu Mutua, na sitakudanganya kwamba wivu huo utaisha. Lakini usiungoje uishe ndipo ufanye lililo sawa. Punguza nguvu, uhame wewe kwanza, hata kama sifa zitaenda kwa jirani. Yule anayekungoja nje hemani hajali ni nani aliyehama.

Mungu akupe sauti ya kufika mbali, na akuzibe masikio siku watakapomsifu Mutua wako.