Sahani Niliyoikataa Bwera

Kazi tuliyopewa ni moja tu, kwenda. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wenzangu kila Jumamosi kabla hatujapanda teksi ya kutoka Kasese kwenda Bwera. Hatukutumwa kukaa, hatukutumwa kupiga soga, na zaidi ya yote hatukutumwa kula. Mimi ni mwanamke, fundi cherehani, na miaka ile nilikuwa kiongozi wa kikundi chetu cha uinjilisti. Tulikuwa wanne. Ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko mkasi wangu, nakiri.

Hilo la kula lilikuwa na sababu zake. Wahubiri waliotutangulia walijulikana kwa kubisha hodi saa ile ile sufuria inapoepuliwa, na watu waliwacheka kwamba kilichookoka ni matumbo yao. Nikasema sisi hapana, jamani, tusijivunjie heshima. Siku ya huduma tunafunga mpaka turudi nyumbani, na tukikaribishwa chakula popote jibu ni hilo hilo: tumefunga, Mungu akubariki. Niliipenda sana sheria ile kwa sababu niliitunga mwenyewe.

Basi siku moja, miaka michache kabla ya Ebola kuvuka mpaka, tulifika kwa mama mmoja wa Kikongomani. Alikuwa mjane, Mkatoliki, aliyekimbia vita upande wa Beni na kupanga chumba nyuma ya soko la Bwera. Aliuza unga wa muhogo. Majirani walitusimamisha njiani: kwa huyo msiingie, ana sumu. Mtoto wa jirani alikula kwake akaugua. Alipona, lakini nani alijali? Tangu hapo hakuna aliyeonja chakula chake, na unga wake ulikuwa unadoda. Mimi nikajitia ushujaa. Nikasema injili haichagui mlango, nikapiga hodi.

Siku ile hakuna aliyetusikiliza vizuri kama yeye. Tuliimba akaimba, tukaomba akaitikia. Tulipomaliza, badala ya kutusindikiza, alifungua mlango wote, akatandika mkeka pale kwenye kizingiti ambapo waliokuwa nje wangetuona, akaleta bundu, yaani ugali wetu wa muhogo, pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani. Kumbe alisikia tangu asubuhi kwamba tunapita mtaani, akawasha moto.

"Batu habakulaka kwangu," alisema. "Nyinyi njo batu ba Mungu. Mukikula, bataona. Bataacha kusema."

Alimega yeye kwanza, kama afanyavyo mwenyeji wa huku anapotaka kumtoa mgeni wasiwasi. Akachovya, akala, akameza. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Shemasi wetu, mzee mwenye moyo mweupe kabisa, alinyoosha mikono anawishwe. Nikamkata jicho. Mzee wa watu akairudisha mikono mapajani.

"Mama, tumefunga," nikasema.

"Ata kidogo?"

"Hata kidogo. Mungu akubariki."

Mwanamke mmoja pale uani akaangua kicheko. "Si mmeona? Hata walokole wanamuogopa!"

Mama yule aliifunika sahani kwa sahani nyingine, akatushukuru kwa maombi. Tukaondoka.

Laiti ningekuwa nimefunga kweli! Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai na chapati mbili, kwa siri, kwa sababu nina vidonda vya tumbo na sikutaka wenzangu wajue kwamba kiongozi hawezi kufuata sheria yake. Kwa hiyo si saumu iliyonizuia. Ni woga. Niliogopa sumu kama walivyoogopa wale wa uani, ila wao angalau hawakulisingizia jina la Mungu. Na maneno ya kutumwa nilikuwa nimeyafundisha mara ngapi! Nilijua vizuri kwamba Bwana alipowatuma watu wake nyumba kwa nyumba, aliwaambia pia wale chochote watakachoandaliwa. Hapo nilikuwa napita haraka haraka, nikimbilie kwenye kwenda.

Nilijiambia nitarudi wiki inayofuata. Wiki hiyo kukawa na gauni la bibi harusi. Iliyofuata, mvua. Visingizio havikuniishia, na mwezi ukapita.

Nilipokwenda hatimaye, nilikwenda peke yangu, na tumbo tupu kwa makusudi. Sikumkuta chumbani. Nilimkuta kwenye barabara ya kwenda mpakani, ameketi kando ya mzigo wake na sufuria mbili. Mwenye nyumba alikuwa amemtoa. Alimwambia wapangaji wengine hawawezi kuishi na mtu ambaye hata watu wa kanisa wamekataa chakula chake. Alikuwa anarudi kule kule alikokimbia vita.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Mimi ndiye niliyekufukuza. Leo nimekuja kula."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningepona. Alifungua kitenge chake, akatoa bundu lililofungwa kwenye jani la mgomba, na kipande cha samaki.

"Kula, dada," alisema. "Lakini leo hakuna mutu anaangalia."

Kweli hakuna. Ilikuwa siku ya soko, kila mtu na magunia yake, boda boda zinapiga honi tupishe njia. Nililia huku natafuna, nikala mpaka jani likabaki tupu. Chakula kilikuwa kitamu. Ndipo nikamuuliza yeye atakula nini safari yote hiyo mpaka Beni.

"Njo hiyo umekula," alisema, akajitwika mzigo, akavuka daraja la mpakani.