Mfuko Nyuma ya Mlango wa Marcelline

Marcelline aliuza mablanketi na makoti ya mitumba Warwick Junction, sokoni Durban, na kila aliyewahi kupatana naye bei alijua kwamba mama huyu hapunguzi mpaka umempa mgongo. Nyumbani kwake Albert Park, nyuma ya mlango, kulikaa mfuko: karatasi ndani ya plastiki, biskuti, kitenge cha kubebea mtoto, viatu vya kamba. Alikimbia vita Fizi, Kongo, akiwa nao kichwani, binti yake Gracieuse mgongoni. Mwaka 2008, wageni walipofukuzwa mitaani, aliunyakua tena. Majirani walipiga makomeo. Yeye alizungusha ufunguo mmoja tu, akauacha palepale tunduni. Mlango mgumu kufungua, alisema, ni jeneza lenye bawaba.

Mwaka 2012 mkwewe, Séverin, alipata kazi ya kutunza kondoo katika shamba la milimani, mbali kupita Underberg, karibu na Lesotho. Gracieuse akamfuata na mtoto mchanga. Kabla baridi haijakolea, Séverin alishuka Durban na gari la shamba kuchukua vitu vya dharura. Marcelline alikuwa tayari amewafungia mfuko, pacha wa ule wake, mwepesi kama kuku.

Séverin aliufungua, akacheka.

"Mama, huu ni mzigo wa kukimbia. Kule theluji ikianguka barabara inakufa. Utakimbilia wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani iko ng'ambo ya mlima. Ukitoka na mtoto, baridi inawakamata njiani. Kule unafunga mlango, unangoja."

"Unangoja nini?"

"Jua, Mama."

Marcelline akaketi kitandani. Akaiona akilini ile nyumba ya shambani: weupe juu, weupe chini, hakuna njia wala mti, imetulia kama yai, na ndani yake mwanawe na mjukuu. Kule Fizi waliobaki ndani hawakutoka. Hakulisema hilo. Séverin pia ni wa Fizi.

"Eish, Mama, mwenye gari ananingoja."

"Twende sokoni. Wewe usifungue mdomo. Mwenye haraka anauziwa kwa bei ya haraka yake."

Alipita Warwick polepole, kama mtu anayeota, katikati ya honi za taxi na moshi wa mahindi ya kuchoma. Jiko la mafuta ya taa aliligusa kwa kidole.

"Lina kutu."

"Mama, ni jipya!" muuzaji akaruka.

"Basi ni jipya lenye kutu." Akaondoka nalo, na utambi wa akiba juu.

"Si tungechukua mbabula?" Séverin alinong'ona.

"Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa? Mtalala, hamtaamka. Hata hili, mkiliwasha dirisha liachwe wazi kidogo."

Unga, maharage, ndakala, wale dagaa wakavu, mishumaa, viberiti ndani ya chupa yenye kifuniko, dawa ya homa ya mtoto, madumu ya maji kwa sababu mabomba huganda. Kila kitu alikipima kwanza kwa shingo, kama kingebebeka kichwani, kisha akakumbuka kwamba safari hii hakuna wa kukibeba. Akaongeza mablanketi yake mwenyewe, yale mazito ambayo alikuwa anayawekea msimu.

Gari lilipokaribia kuondoka alipanda nyumbani, akarudi na ule mfuko wa nyuma ya mlango wake. Karatasi alikuwa amezitoa. Ndani alishindilia matambara ya mitumba isiyouzika.

"Wa nini tena, Mama?"

"Laza chini ya mlango. Upepo unapitia pale."

Agosti theluji ilianguka. Simu ya Gracieuse haikupatikana. Marcelline aliendelea kuuza. Baridi huleta wateja, na mtu hafungi meza kwa kuwa ana wasiwasi. Ila mara mbili alirudisha chenji ya mtu mwingine.

Hatimaye simu ikalia. Sauti ilikuwa ndogo, kama inatoka chini ya pamba.

"Mama, tuko ndani. Hatuoni hata zizi."

"Mtoto?"

"Analala. Jiko linawaka, dirisha tumeliacha kidogo."

"Na mfuko?"

"Uko nyuma ya mlango. Kama siku zote."

"Mmefunga?"

Gracieuse akasita. "Tumefunga. Ufunguo uko tunduni."



"Utoe," Marcelline akasema. "Ziba na tambara. Upepo unapita hata hapo."

Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa anapapasa blanketi.

"Hilo halipungui."